Gari Lisilo na Dereva Linapogoma: Kufuata Dalili Hadi Kwenye Chanzo

Mwongozo huu ni wa wanaosanifu magari ya ardhini yasiyo na dereva: yale yanayobeba mizigo ya askari, kutoa majeruhi mahali pa hatari, kukagua barabara iliyotegwa mabomu na kuchungulia mbele ya doria. Habari ya silaha siigusi. Nimeyafungua magari haya mara nyingi, na kila mara nimekutana na jambo lile lile: dalili haikai pale chanzo kilipo. Mwendeshaji analalamikia programu, kumbe ni nati ya ethi, yaani ya waya unaounganisha umeme na fremu, iliyolegea. Analalamikia redio, kumbe kelele inatoka kwenye waya wa kamera. Ukitengeneza pale panapolia, utabadilisha vipuri hadi bajeti iishe na gari litaendelea kugoma.

Mwaka 2005 watafiti Jennifer Carlson na Robin Murphy walichapisha uchambuzi wa tafiti 10 kuhusu roboti za ardhini za aina 15, zilizotumika kwenye uokoaji na jeshini. Muda wa wastani kati ya hitilafu moja na nyingine ulikuwa saa 6 hadi 20 tu. Katika utafiti mmoja nusu ya hitilafu zilitoka kwenye sehemu zinazotenda kazi yenyewe, kama mota na mikanda ya kutembelea; katika mwingine asilimia 54 zilitoka kwenye mfumo wa udhibiti. Miongoni mwa vyanzo vya mara kwa mara walitaja vyombo vilivyosanifiwa kwa mazingira finyu mno, redio zisizofika mbali, na njia ya mawasiliano iliyo nyembamba kuliko picha zinazopitishwa humo. Vifaa vimebadilika sana tangu hapo, lakini ukisoma orodha hiyo leo utadhani imeandikwa kwa ajili ya karakana yako.

Kabla ya kushika bisibisi, muulize mwendeshaji maswali matatu. Gari lilikuwa linafanya nini lilipogoma: linapanda, linageuka, linafunga breki au limesimama? Lilikuwa limewashwa kwa muda gani? Nini kimebadilishwa tangu siku ya mwisho lilipofanya kazi vizuri? Swali la tatu ndilo linalojibiwa vibaya kuliko yote, kwa sababu watu hawahesabu mambo kama kuhamisha antena sentimita 20 au kupaka rangi mpya. Wewe yahesabu.

Kompyuta inajizima na kujiwasha gari linapoanza kupanda

Mezani tatizo halionekani kamwe. Uwanjani halikosi. Watu wa programu huitwa kwanza, nao hupoteza wiki nzima.

Anza na hesabu. Gari la kilo 400 kwenye mwinuko wa digrii 30 linahitaji nguvu ya niutoni 1,960 hivi kulisukuma juu tu. Ongeza ukinzani wa ardhi laini, unakaribia 2,300. Kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde hizo ni kilowati 2.3 ardhini, na giaboksi na mota zikila asilimia 30 ya kinachotoka kwenye betri, betri inatakiwa kutoa kilowati 3.3 hivi. Kwenye mfumo wa volti 28 hiyo ni zaidi ya ampea 115. Sasa chukua ukinzani wa betri, soketi, fyuzi na nyaya kwa pamoja. Ukiwa miliomu 40, ambazo ni kidogo sana kwa macho, volti 4.7 zinapotea humo. Wakati wa kung'oka kutoka kusimama mkondo unaweza kuwa mara mbili ya huo, na volti zinazobaki ni chini ya 19. Kigeuza volti kinacholisha kompyuta, kama kimetengenezwa kukata kwenye 20, kinakata. Hakijakosea. Kimefanya kama kilivyoagizwa.

Testa ya kawaida haitakuonyesha hili, kwa sababu shimo lenyewe huenda ni la milisekunde 20 na testa inasoma wastani. Tumia osiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyobadilika ndani ya milisekunde, kwenye mlango wa kigeuza volti (pale umeme unapoingia), si kwenye betri, na uliache gari lipande kweli. Kama huna osiloskopu, ipe kompyuta betri yake ya pembeni na urudie mwinuko ule ule. Tatizo likipotea, umepata jibu bila kugusa mstari hata mmoja wa programu.

Dawa yake ni ya usanifu: tawi la umeme la vifaa nyeti litoke moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, lisipitie njia ya mota; weka diodi na kapasita za kushikilia volti kwa sekunde sehemu; kidhibiti mota kipandishe mkondo kwa ngazi; na uchague kigeuza volti chenye mlango mpana, yaani kinachokubali volti za chini sana hadi za juu sana bila kukata. Kwa mifumo ya volti 28 ya magari ya kijeshi, kiwango cha jeshi la Marekani cha MIL-STD-1275 kinaeleza misukosuko ya umeme ambayo kifaa lazima kivumilie. Kisome siku ya kwanza ya kuchora, si siku ya majaribio ya kukabidhi.

Kuna gari moja lililonifundisha kuangalia nati kabla ya kitu kingine. Tulibadilisha kompyuta mbili. Mwishowe nikalala chini ya fremu nikiwa na tochi na kuona kichwa cha waya wa ethi kimefungwa juu ya alumini iliyopakwa rangi. Mguso wote ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti. Fremu ilipojikunja kidogo kwenye mwinuko, mguso ulipungua, na kompyuta ikafa. Tulikwangua rangi hadi alumini ikang'aa, tukaweka washa ya meno na grisi ya kuzuia kutu. Kazi ya robo saa.

Dalili ndugu ya hiyo ni gari kukata umeme likiwa *linashuka*, hasa asubuhi betri ikiwa imejaa. Mota inayozungushwa na mteremko inageuka jenereta na kurudisha umeme. Betri iliyojaa haina pa kuuweka, volti zinapanda, mfumo wa kulinda betri unajitenga, kidhibiti kinajifunga, na breki ya mota inapotea pale inapohitajika zaidi. Weka kizuizi cha kuchomea umeme wa ziada, au usijaze betri hadi juu kama safari inaanza na mteremko. Na breki ya kuegesha iwe ya springi, ile inayobana umeme ukikosekana, si ile inayohitaji umeme ili ibane.

Kwa baridi ni kwa ufupi: betri za lithiamu zinatoa kidogo zikiwa baridi, na kuzichaji chini ya nyuzi 0 za selisiasi kunaziharibu kabisa. Zipashe joto kwanza.

Mawasiliano yanakatika

Hili ni tatizo la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Wasovieti walitumia vifaru vya kuongozwa kwa redio katika Vita vya Majira ya Baridi dhidi ya Finland, 1939 hadi 1940. Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili walitengeneza Goliath, kigari kidogo kilichoongozwa kwa waya. Waya ukikatwa, kigari kilibaki pale pale. Mwaka 2011 roboti ya Kijapani Quince iliingia kwenye jengo la mtambo namba 2 wa Fukushima, waya wake wa mawasiliano ukanasa, nayo ikabaki humo. Upande wa redio, taarifa iliyotolewa Urusi mwaka 2018 kuhusu Uran-9, gari la kivita la Kirusi lisilo na dereva, lililopelekwa Syria ilieleza kwamba kati ya majengo udhibiti wa uhakika ulifika mita 300 hadi 500 tu, na kwamba mawasiliano yalikatika mara 17 kwa hadi dakika moja, na mara 2 kwa hadi saa moja na nusu. Waya una ugonjwa wake na redio ina wake. Msanifu anachagua ugonjwa atakaoweza kuishi nao.

Kwa redio, chanzo ninachokutana nacho zaidi ni *urefu wa antena*. Gari liko chini. Mawimbi yanayokwenda moja kwa moja na yale yanayodunda ardhini yanafika yakiwa yanafutana, na baada ya umbali fulani nguvu inayopokelewa inashuka kwa kipeo cha nne cha umbali: ukienda mbali mara mbili, unabakiwa na sehemu 1 ya 16. Katika hali hiyo kuongeza nguvu ya redio mara mbili kunakupa desibeli 3, yaani mara mbili tu, lakini kuinua antena moja mara mbili kunakupa 6, yaani mara nne. Zaidi ya hapo, mawimbi hayapiti kwenye uzi mwembamba. Kwa kiungo cha kilomita 1 kwenye masafa ya gigahezi 2.4, eneo la kati linalopaswa kuwa wazi lina nusu kipenyo cha mita 5.6. Antena yako ikiwa mita 0.8 juu ya ardhi, sehemu kubwa ya eneo hilo imezikwa.

Jaribio lake ni rahisi. Peleka gari hadi pale linapokatika, liache hapo, kisha inua antena yake hadi mita 2 au 3 kwa mti au fimbo isiyo ya chuma. Mawasiliano yakirudi, usinunue redio kubwa zaidi; tafuta mlingoti. Wakati uko hapo, tazama kama antena ya gari na ya kituo zimesimama wima zote mbili. Antena moja ikilazwa unaweza kupoteza desibeli 20 bila kitu chochote kuharibika. Angalia pia kama nguzo ya kamera ya chuma imesimama sambamba na antena kwa sentimita chache, kwa sababu hapo utakuwa na upande mmoja wa dira ambao gari halisikii kabisa.

Kama mawasiliano yanakatika hata gari likiwa mita 50 mbele yako, adui yumo ndani ya gari. Soma kiwango cha kelele kwenye redio vifaa vyote vikiwa vimezimwa, kisha viwashe kimoja kimoja. Wa kushukiwa ni kigeuza volti cha bei nafuu, waya wa mota usio na ngao, na hasa nyaya za USB 3, ambazo zinajulikana kwa kumwaga kelele karibu na gigahezi 2.4. GPS nayo huumia kwa njia hiyo hiyo: inafanya kazi kamera ikiwa imezimwa, inapotea kamera ikiwashwa, na watu wanalaumu miti. Kiwango cha MIL-STD-461 kipo kwa ajili ya mambo haya. Usisahau pia vizuizi vya redio vya upande wako mwenyewe, vile vinavyobebwa na msafara kuzuia mabomu yanayolipuliwa kwa redio. Havibagui. Mgawanyo wa masafa uzungumzwe na watakaotembea na gari kabla antena haijanunuliwa.

Swali la mwisho hapa ni gari linafanya nini *baada* ya kukatika. Nimeona gari likiendelea na amri ya mwisho kwa sababu saa ya ulinzi iliwekwa kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo iliyokuwa imeganda. Saa hiyo ikae ndani ya kidhibiti mota chenyewe: amri isipoonekana kwa nusu sekunde, mwendo sifuri na breki. Halafu kwa gari la upelelezi kusimama tu hakutoshi. Lingoje muda uliopangwa, kisha lirudi nyuma kwa njia lililokuja nayo hadi pale lilipokuwa na mawasiliano mazuri. Lijaribu hivi: inua magurudumu, endesha kasi, kisha ng'oa plagi ya kompyuta kwa mkono. Kama magurudumu hayasimami, gari hilo lisiguse ardhi penye watu.

Picha inachelewa, au inaganda kila baada ya sekunde chache

Pima kwanza. Weka simu yenye saa inayohesabu milisekunde mbele ya kamera ya gari, kisha piga picha moja inayoshika simu hiyo pamoja na skrini ya mwendeshaji. Tofauti ya namba mbili ndiyo uchelewaji wako. Ukiwa na milisekunde 300 na gari linakwenda mita 5 kwa sekunde, mwendeshaji anaona mahali gari lilipokuwa mita 1.5 nyuma. Ndiyo maana unamwona anaendesha kwa kusukuma kidogo, anasubiri, anasukuma tena. Huyo si mwendeshaji mbovu. Amezoea tu ugonjwa wa chombo chako.

Picha ikiganda kwa mpigo sawa, kila sekunde mbili tuseme, shuku picha kamili za video, zile ambazo nyingine zote zinazitegemea. Ni kubwa, zinafika kwa wingi wa pakiti, na kwenye ukingo wa mawasiliano ikipotea pakiti moja, skrini inabaki chafu hadi picha kamili inayofuata. Mpangilio unaosambaza maudhui hayo kidogo kidogo kwenye kila picha unaondoa mpigo huo. Na kama usukani unakuwa mzito pale mandhari yanapokuwa na majani mengi, basi amri na video zimepanga foleni moja. Zipe amri kipaumbele. Ni baiti chache tu.

Kamera ya joto inaona ukungu, au inajiona yenyewe

Mtu amefunika kamera kwa kioo cha kawaida ili kuikinga na mawe. Kioo hakipitishi mawimbi ya joto ya mikromita 8 hadi 14, kwa hiyo kamera inaona joto la kioo na mwangwi wa lensi yake. Dirisha liwe la elementi ya germani (germanium) au nyenzo nyingine inayopitisha mawimbi hayo. Kuganda kwa muda mfupi kila dakika chache kukiambatana na mlio mdogo wa *tik* ni kamera inajisawazisha, si hitilafu. Ila mwendeshaji aambiwe, na ikiwezekana aweze kuizuia kwa sekunde anazohitaji. Kupotea kwa tofauti kati ya mtu, jiwe na udongo alfajiri na magharibi ni maumbile: vitu vinapishana joto saa hizo. Hakuna marekebisho ya programu yatakayokuokoa. Weka kamera ya kawaida yenye uwezo wa mwanga hafifu pembeni yake.

Mota zinachemka ingawa gari halijabeba kitu

Angalia kama zinachemka kwenye kona. Gari linalogeuka kwa kuburuta, lenye mikanda au magurudumu yasiyokunja, hulipa gharama kubwa sana kugeuka mahali pamoja. Nguvu ya kuzungusha inayohitajika ni takriban uzito kwa niutoni mara msuguano mara urefu wa mguso, gawanya kwa 4. Kwa kilo 400, mguso wa mita 1.2 na msuguano wa 0.7, unapata niutoni mita 820 na zaidi. Kama mikanda imeachana mita 0.9, kila upande unasukuma niutoni 915 hivi, wakati kwenda moja kwa moja kwenye tambarare kungedai kama 200. Ni mara nne na nusu. Joto kwenye nyaya za mota linapanda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ni karibu mara 20.

Wengi hukimbilia mota kubwa. Mimi ningeanza na umbo: fupisha mguso, panua gari, au shusha gurudumu la katikati milimita chache ili ncha zibebe uzito mdogo wakati wa kugeuka kwenye ardhi ngumu. Kisha mfundishe mwendeshaji, na programu pia, kugeuka kwa upinde huku gari likisonga.

Mkanda ukitoka wakati wa kugeuka kwenye mteremko wa ubavu, gari lilikuwa linateleza kando huku mkanda ukiwa umelegea. Kaza kwa kipimo cha mtengenezaji, safisha tope lililoganda kwenye gurudumu la mbele, na upime tena mkanda ukiwa na joto.

Ramani inapakazika gari linapogeuka

Moja kwa moja ni safi, kona inakuja kuta mbili badala ya moja. Karibu kila mara ni saa. Laida, kihisi kinachopima umbali kwa mihimili ya leza, inaandika muda mmoja; jairoskopu, kihisi kinachopima gari linavyozunguka, mwingine. Gari likizunguka digrii 45 kwa sekunde na saa zikitofautiana milisekunde 50, kosa ni digrii 2.25, na ukuta ulio mita 20 unahama sentimita 78. Vihisi vyote vifuate saa moja ya mtandao, na muda uandikwe pale kipimo kinapochukuliwa, si pale kompyuta inapokipokea. Kama ramani inapakazika hata kwenye mwendo wa taratibu sana, basi si saa. Ni laida imegongwa na kupinda kwenye kiti chake.

Dira ya sumaku inayoyumba unapokanyaga mwendo ni suala jingine: iko karibu mno na nyaya za mota. Ihamishie juu ya mlingoti, na nyaya za kwenda na kurudi zisokotwe pamoja.

Data za vihisi zikikosekana hapa na pale bila mpangilio kwenye njia ya CAN, nyaya mbili za pamoja zinazopitisha data kati ya vihisi na vidhibiti, zima umeme na upime kati ya nyaya zake mbili. Usomaji mzuri ni omu 60, yaani vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho. Ukisoma 120, kimoja hakipo. Ukisoma 40, fundi fulani ameongeza cha tatu kwa nia njema.

Linakataa kupita kwenye nyasi, kisha linatumbukia mtaroni

Kosa la kwanza linaudhi, la pili linavunja. Laida inaona nyasi kama ukuta. Hilo linapunguzwa kwa kutazama kama mihimili inapenya na kurudi kutoka nyuma ya majani. Lakini mtaro hauonekani kwa sababu ya jiometri. Kihisi kikiwa mita 1.2 juu, mtaro wa sentimita 60 ulio mita 10 mbele unachukua digrii 0.4 tu za mtazamo, na ukiwa mita 20 unachukua 0.1. Laida ya mihimili 16 iliyotawanywa digrii 30 ina pengo la digrii 2 kati ya mhimili na mhimili. Inauruka mtaro bila kujua. Ukilegeza unyeti ili nyasi zipite, umezidisha hatari ya mtaro. Jibu la kweli ni kupandisha kihisi, kuongeza kamera mbili za kupima kina, na zaidi ya yote kupunguza mwendo hadi umbali wa kusimama uwe mfupi kuliko umbali wa kuona.

Hapo hapo weka ulinganisho wa kasi ya magurudumu na kasi halisi ya gari. Katika shindano la magari yasiyo na dereva la DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, la mwaka 2004 kwenye jangwa la Mojave, gari lililofika mbali kuliko yote, Sandstorm, lilipita kama kilomita 12 tu kisha likakwama kwenye ukingo wa kona kali, magurudumu yakizunguka bila kulisogeza. Mwaka uliofuata magari matano yalimaliza njia ya kilomita 212. Magurudumu yakizunguka na gari halisogei kwa sekunde mbili, acha kukanyaga, rudi nyuma, omba msaada wa mtu.

Maji ndani ya sanduku lililozibwa vizuri

Gasketi nzima, bolti zimekazwa, na bado kuna maji chini ya bodi. Sanduku linapumua. Jua linalipasha moto, hewa inatanuka na kupenya kutoka. Gari linavuka kijito, sanduku linapoa ghafla, ndani panakuwa na mvuto, na maji yanafyonzwa kupitia mwanya ambao ungezuia mvua ya kawaida. Kuongeza silikoni hakusaidii. Weka kipumulio chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, elekeza plagi zote chini, na acha kila waya upinde kitanzi kabla ya kuingia ili matone yadondoke hapo.

Lilikuwa imara, sasa linapinduka

Umeongeza mlingoti. Gari la kilo 200 lenye kitovu cha uzito sentimita 45 juu na upana wa mita 1 linavumilia mwegamo wa digrii 48 likiwa limesimama. Weka kilo 30 za kamera na mota zake kwenye mita 2, kitovu kinapanda hadi sentimita 65, na uvumilivu unashuka hadi digrii 37. Na hiyo ni bila kona, bila mawe, bila shimo. Mlingoti ushuke wenyewe gari likizidi mwendo au mwegamo uliopangwa, na skrini imwonyeshe mwendeshaji mwegamo kwa namba, kwa sababu kamera imeinama pamoja na gari na kwenye picha upeo wa macho unadanganya.

Linasikika kabla halijaonekana

Kwa gari la upelelezi hii ni hitilafu kama nyingine. Filimbi nyembamba isiyobadilika na mwendo ni kidhibiti kinachokata umeme kwa masafa ambayo sikio linayasikia. Kipandishe juu ya kilohezi 20 na ukubali joto kidogo zaidi kwenye transista zake. Filimbi inayopanda na mwendo ni meno ya giaboksi. Mngurumo unaokwenda na ardhi ni kifuniko kilicholegea, na hicho utakipata kwa kugonga kwa kiganja.

Hitilafu isiyojirudia

Hii inamaliza watu nguvu. Gari liligoma mara moja, na karakanani linafanya kazi wiki nzima. Shika kila plagi na kuitikisa gari likiwa limewashwa, kwa mpangilio, kutoka mbele kwenda nyuma, huku mwenzako akitazama skrini. Fungua zile zilizo karibu na mota na utazame pini kwa kioo cha kukuzia: doa jeusi dogo kwenye pini inayong'aa ni mtetemo ulioisugua hadi ikaota kutu pale pale inapogusana. Vuta waya kwa upole karibu na kichwa chake. Ukitanuka kama mpira, shaba ndani imekatika na kinachoshika ni ganda.

Halafu rekebisha usanifu wenyewe ili safari ijayo gari likusimulie. Liandike volti za kila tawi mara 1,000 kwa sekunde, mkondo wa kila mota, joto, nguvu ya mawimbi yaliyopokelewa na muda wa kila amri, kwenye hifadhi ambayo haifutiki umeme ukikatika. Sekunde 30 za mwisho zikitunzwa peke yake zinatosha. Mwendeshaji naye apewe kitufe kimoja kikubwa cha kutia alama, akibonyeze saa ile ile anapoona jambo geni, hata kama gari bado linatembea.